Usajili wa wachezaji wa mpira wa miguu Zanzibar

Usajili wa wachezaji wa mpira wa miguu Zanzibar ni utaratibu ambao vilabu vya Unguja na Pemba huutumia kuwapata wachezaji wapya, kuwabakisha wa zamani na kuwaachia wanaoondoka, hasa katika mapumziko kati ya msimu mmoja na mwingine. Utaratibu huo husimamiwa na Shirikisho la Mpira wa Miguu Zanzibar (ZFF), lililochukua nafasi ya Chama cha Mpira wa Miguu Zanzibar (ZFA). Katika mambo ya kimataifa mchezaji wa Zanzibar huwa chini ya Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF), kwa kuwa FIFA inalitambua shirikisho hilo pekee kwa nchi nzima ya Tanzania.

Usajili wa Zanzibar una sura yake ya pekee. Vilabu vya visiwani huibua na kulea wachezaji wengi, lakini wale walio bora mara nyingi huondoka kwenda Tanzania Bara wakiwa bado vijana. Kwa hiyo klabu ya Zanzibar hulazimika kujijenga upya karibu kila mwaka. Iwapo itapata chochote kwa kazi yake ya malezi hutegemea zaidi karatasi ilizoandika na kuzitunza tangu mwanzo.

Istilahi za msingi

Muda ambao vilabu vinaruhusiwa kuandikisha wachezaji huitwa dirisha la usajili. Kwa kawaida huwa na madirisha mawili: dirisha kubwa kabla ya msimu kuanza, na dirisha dogo katikati ya msimu. Nje ya vipindi hivyo klabu haiwezi kumtumia mchezaji mpya, isipokuwa kwa sababu maalumu zilizotajwa katika kanuni.

Mchezaji anaweza kuhamia klabu nyingine kwa njia tatu:

- Kuuzwa: klabu mpya hulipa ada ili mkataba wa mchezaji na klabu yake ukatishwe kabla ya kwisha.
- Kukopeshwa: mchezaji hucheza kwingine kwa muda, kisha hurudi katika klabu yenye mkataba naye.
- Kuwa mchezaji huru: mkataba umekwisha au umevunjwa kwa makubaliano, na mchezaji huchagua klabu bila ada kulipwa.

Njia ya tatu ilipata nguvu duniani baada ya hukumu ya Mahakama ya Ulaya ya mwaka 1995 katika kesi ya mchezaji wa Ubelgiji, Jean-Marc Bosman. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji aliyebakiwa na miezi sita au chini yake katika mkataba wake anaruhusiwa kukubaliana na klabu nyingine. Kwa kawaida mkataba hauruhusiwi kuzidi miaka mitano, na kwa mchezaji aliye chini ya umri wa miaka 18 hauruhusiwi kuzidi mitatu.

Historia fupi

Kabla ya fedha kutawala mpira, kijana wa Mjini alichezea timu ya mtaa wake. Majina ya vilabu vingi bado yanaonyesha asili hiyo: Malindi na Shangani ni mitaa ya Mji Mkongwe, na Mlandege, Miembeni na Jang'ombe ni mitaa ya Ng'ambo. Viwanja vya Mnazi Mmoja, na baadaye Mao Zedong na Amaan (uliofunguliwa mwaka 1970), vilikuwa mahali ambapo viongozi wa vilabu walikwenda kutazama vijana.

Katika enzi ya Ligi ya Muungano, vilabu bora vya Zanzibar na Bara vilikutana katika mashindano mamoja. KMKM ilitwaa ubingwa huo mwaka 1984, na Malindi mwaka 1989 na 1992. Katika miaka hiyo mchezaji aliweza kushindana na timu kubwa za Dar es Salaam bila kuhama kisiwani. Ligi hiyo iliposimama mwanzoni mwa miaka ya 2000, njia hiyo ilifungika. Aliyetaka kucheza dhidi ya Simba na Yanga kila msimu alilazimika kuvuka bahari.

Zanzibar ni mwanachama mshiriki wa Shirikisho la Mpira wa Miguu Afrika (CAF), na vilabu vyake hushiriki mashindano ya Afrika kwa nafasi zao wenyewe. Mwezi Machi 2017 ilipewa uanachama kamili, lakini miezi michache baadaye, Julai mwaka huohuo, uamuzi huo ulifutwa. Desemba 2017 timu ya Zanzibar Heroes, ikifundishwa na Hemed Suleiman "Morocco", ilifika fainali ya Kombe la CECAFA nchini Kenya na kufungwa na wenyeji kwa mikwaju ya penalti. Mashindano hayo yaliwatangaza vijana kadhaa wa Zanzibar kwa vilabu vya Bara.

Chipukizi

Wachezaji wapya wa Zanzibar hutoka katika njia kuu tatu.

Ya kwanza ni ligi za vijana, ambazo kwa desturi hugawanywa katika madaraja ya Juvenile, Junior na Central. Kila mtaa wenye kiwanja huwa na timu ya aina hiyo. Mara nyingi husimamiwa na mwalimu mmoja au wawili wanaojitolea, na vifaa hununuliwa kwa michango ya wazazi na wapenzi wa timu.

Njia ya pili ni michezo ya skuli, ukiwemo mfululizo wa mashindano ya Elimu Bila Malipo, yanayokumbuka tangazo la tarehe 23 Septemba 1964 lililofuta ada za masomo Zanzibar. Ya tatu ni mashindano ya mitaani, maarufu kama ndondo. Yamle Yamle Cup ya Unguja ni miongoni mwa yanayovuta watu wengi, na mchezaji asiye na klabu kubwa huweza kuonekana huko.

Kombe la Mapinduzi nalo lina nafasi ya pekee. Huchezwa mwanzoni mwa Januari kuadhimisha Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, wakati ambapo dirisha dogo la Bara kwa kawaida huwa wazi au linakaribia kufungwa. Vilabu vya Bara huja Unguja kujaribu wachezaji wao, na papo hapo huwatazama wa wenyeji. Mlandege ililitwaa kombe hilo mwaka 2023 kwa kuifunga Singida Big Stars 2–1 katika fainali, na ikalitetea mwaka 2024 kwa kuifunga Simba 1–0. Matokeo kama hayo huongeza thamani ya wachezaji wa klabu, na pia huongeza uwezekano wa kuwapoteza.

Vilabu vya vikosi na vilabu vya kiraia

Vilabu vya Ligi Kuu ya Zanzibar viko vya aina mbili, na tofauti hiyo huathiri sana usajili.

Vilabu vya vikosi vinamilikiwa na taasisi za ulinzi na usalama. Miongoni mwake ni KMKM (Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo), JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi), KVZ (Kikosi cha Valantia Zanzibar), Zimamoto, Uhamiaji na Mafunzo, klabu ya Chuo cha Mafunzo, ambalo ndilo jina la magereza Zanzibar. Wachezaji wengi wa vilabu hivi huwa pia waajiriwa wa kikosi. Kwa kijana anayetoka katika familia ya kipato kidogo, ajira yenye mshahara wa kila mwezi, itakayoendelea hata baada ya goti kuumia, ni kubwa kuliko fedha ya usajili inayolipwa mara moja.

Vilabu vya kiraia kama Malindi na Mlandege hutegemea wafadhili, wanachama na wapenzi. Haviwezi kutoa ajira ya serikali, hivyo huwapata wachezaji kwa fedha ya usajili, posho, na ahadi ya kuonekana. Kikosi huweza kumkalisha mchezaji miaka kumi. Klabu ya kiraia mara nyingi hupanga kwa msimu mmoja au miwili.

Kuhamia Tanzania Bara

Kwa kuwa Wazanzibari ni raia wa Tanzania, hawahesabiwi katika idadi ya wachezaji wa kigeni ambayo klabu ya Bara inaruhusiwa kusajili. Hilo huwafanya watafutwe sana.

Nadir Haroub "Cannavaro" alitoka Malindi akajiunga na Yanga katikati ya miaka ya 2000, akaichezea kwa zaidi ya miaka kumi na kuwa nahodha wake. Ibrahim Hamad "Bacca" alitoka KMKM na kujiunga na Yanga katika dirisha dogo la Januari 2022. Mwaka uliofuata alikuwemo katika kikosi kilichofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mudathir Yahya alisajiliwa na Azam FC akiwa kijana mdogo, akakopeshwa Singida United, na Januari 2023 akajiunga na Yanga.

Mfano uliozungumzwa zaidi ni wa Feisal Salum "Fei Toto", aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1998. Aliondoka JKU mwaka 2018 na kujiunga na Yanga, baada ya kutambulishwa kwanza kama mchezaji wa Singida United. Desemba 2022, mkataba wake ukiwa bado na zaidi ya mwaka mmoja, aliandika barua ya kuuvunja na kuilipa klabu shilingi milioni 112. Yanga ilipinga. Januari 2023 Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF iliamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga, na ombi lake la mapitio likakataliwa. Kwa miezi kadhaa hakucheza mpira wa klabu. Mwanzoni mwa Juni 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliiomba Yanga hadharani kulimaliza suala hilo, na siku chache baadaye Feisal alitangazwa kuwa mchezaji wa Azam FC. Msimu wa 2023–24 alifunga mabao 19 katika Ligi Kuu ya Bara, akizidiwa na Stephane Aziz Ki wa Yanga pekee, aliyefunga 21.

Kisa hicho kiliwafundisha wengi kwamba kulipa fedha peke yake hakuvunji mkataba. Lazima mkataba wenyewe uwe na kifungu kinachoruhusu hivyo, au klabu ikubali, au mchezaji awe na sababu ya haki inayokubalika mbele ya kamati.

Oktoba 2025 Azam FC iliitoa KMKM katika Kombe la Shirikisho Afrika na kufuzu hatua ya makundi kwa mara ya kwanza katika historia yake. Vilabu hivyo viwili vinatoka nchi moja, lakini viko mbali sana kwa uwezo wa kifedha.

Malipo kwa klabu iliyomlea mchezaji

Kanuni za FIFA zina malipo ya aina mbili kwa walezi wa wachezaji. Fidia ya mafunzo hulipwa mchezaji anapotia saini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa, na pia katika uhamisho unaofuata hadi msimu anaotimiza miaka 23. Mchango wa mshikamano ni asilimia 5 ya ada ya uhamisho, inayogawiwa kwa vilabu vyote alivyochezea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 una asilimia 0.25 ya ada, na kila msimu wa miaka 16 hadi 23 una asilimia 0.5.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mchezaji ameuzwa nje ya nchi kwa shilingi milioni 200. Mchango wa mshikamano ni milioni 10. Timu ya mtaani iliyokuwa naye misimu minne, kuanzia miaka 12 hadi 15, inastahili asilimia 1, yaani milioni 2. Klabu iliyokuwa naye kuanzia miaka 16 hadi 19 inastahili asilimia 2, yaani milioni 4. Kwa timu ya watoto, milioni 2 ni mipira, jezi na nauli za msimu mzima au zaidi.

Hata hivyo, kuna mipaka miwili. Kwanza, malipo haya kimsingi yamewekwa kwa ajili ya uhamisho wa kimataifa, na machoni mwa FIFA kutoka Unguja kwenda Dar es Salaam si uhamisho wa kimataifa. Ndiyo maana klabu ya Zanzibar inayomuuza mchezaji Bara inashauriwa kuweka katika mkataba wa mauzo kifungu cha kupata asilimia fulani ya mauzo yatakayofuata. Pili, klabu hulipwa kwa ushahidi. Pasi ya mchezaji, ambayo ni hati inayoorodhesha vilabu vyote alivyosajiliwa tangu msimu wa kutimiza miaka 12, hutayarishwa kutokana na kumbukumbu za usajili. Timu ya Juvenile iliyomchezesha mtoto misimu minne bila kumwandikisha rasmi, au kwa tarehe ya kuzaliwa isiyolingana na cheti chake, haina cha kudai.

Kanuni hizohizo zinakataza kijana aliye chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, kama vile wazazi wake kuhama kwa sababu zisizohusiana na mpira. Mzazi anayeahidiwa kwamba mwanawe wa miaka 15 atapelekwa klabu ya nje ana haki ya kuuliza kwanza kama shirikisho lina habari.

Mifumo ya nchi nyingine

Mpira wa miguu katika sehemu kubwa ya dunia huendeshwa kwa soko huria: mwenye fedha nyingi huchagua kwanza. Ligi za Amerika ya Kaskazini zimefuata njia nyingine. Katika NHL, ligi ya mpira wa magongo wa barafu ya Marekani na Kanada, chipukizi hugawiwa kwa zamu tangu mwaka 1963, na siku hizi timu zilizofanya vibaya hupewa nafasi bora ya kuchagua mapema. Timu dhaifu inaweza kumpata kijana bora wa mwaka na kujijenga kumzunguka kwa miaka mingi.

Zanzibar haina mgao wa namna hiyo. Kinga ya klabu ndogo ni mkataba ulioandikwa vizuri, usajili sahihi wa kijana tangu utotoni, na daftari linalotunzwa hata uongozi unapobadilika.