Je, Wajua? Jua Linawaka Mtowisa, Mto Unafurika

Je, wajua kwamba mafuriko ya Mtowisa, bondeni mwa Ziwa Rukwa, huweza kuanzia mahali asipopaona mtu wa Mtowisa? Mji wa Sumbawanga uko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Rukwa kama mita 800. Katikati umesimama ukingo wa Bonde la Ufa, maarufu kwa jina la Lyamba lya Mfipa. Mvua ikipiga huko juu kwenye nyanda za Ufipa, maji huporomoka karibu kilomita nzima ya kimo kabla ya kutandaa bondeni, tena yamebeba mchanga, mawe na magogo. Kwa hiyo anga jeupe bondeni halimpi mtu ruhusa ya kuvuka. Tazama mto wenyewe: maji yakigeuka rangi ghafla, majani na vijiti vikianza kuelea, au ukisikia mvumo kutoka mlimani, toka upesi upande kando, palipoinuka. Usikimbie kufuata mkondo, utakupita.

Je, wajua kwamba maji ya sentimita 15 tu, yakienda kasi, yanatosha kumwangusha mtu mzima? Sentimita 30 zinaweza kuelesha gari dogo, na 60 husomba hata magari makubwa zaidi. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja, na kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya msukumo huongezeka mara nne. Maji ya tope nayo hayakuonyeshi kama kalvati bado lipo. Abiria anayeshuka kwenye bodaboda na kukataa kuvuka huchekwa na wenzake. Mimi ningeshuka naye. Dharura ikitokea, nambari ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Je, wajua kwamba Ziwa Rukwa halina mto unaolitoa maji? Yanayoingia hutoka kwa kukaushwa na jua, ndiyo maana ziwa hupanuka na kusinyaa kupita kiasi: mwaka 1929 lilikuwa na urefu wa kilomita 50 hivi, na mwaka 1939 likafikia 128. Likipanda, mamba na viboko husogea nalo, hivyo ufuo uliouzoea mwaka jana si wa kuchotea maji kwa mazoea. Likishuka, nyika zake huota majani, na nyika hizo ni miongoni mwa mazalia makuu ya nzige wekundu barani Afrika.

Turudi juu Ufipa. Theluji? Hapa Tanzania kaitafute Kilimanjaro. Lakini baridi ya Ufipa mwezi wa Juni na Julai si mzaha. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6, kwa hiyo anayetoka Mtowisa na fulana nyepesi hufika Sumbawanga akitetemeka.

Hapo ndipo jiko la mkaa huingizwa chumbani na mlango kufungwa. Je, wajua kwamba mkaa uliokolea, usio na moshi hata kidogo, bado hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu? Hushika nafasi ya oksijeni katika damu, na aliyelala huenda asiamke. Oteni moto, kisha jiko litoke nje kabla ya kulala. Na watu wawili wa chumba kimoja wakiumwa kichwa na kichefuchefu kwa pamoja, msianze kuwaza malaria: watoeni kwanza kwenye hewa safi, kisha wapelekeni hospitali.