Mikono Kutetemeka si Ulevi: Fahamu Ugonjwa na Tiba Zake

Mzee anapeleka mahindi kwenye bohari la nafaka mjini Kitale. Anapotakiwa kutia sahihi, kalamu inamchezea mkononi, na nyuma yake kwenye foleni mtu ananong'ona kuwa mzee ametoka kunywa chang'aa. Kule Bungoma, mama aliyezoea kuwaandalia wageni chai amemwachia binti yake birika, kwa sababu kikombe chake hakifiki mezani kikiwa kimejaa. Huenda wote wawili hawajaonja pombe. Wana maradhi yanayotambulika hospitalini na yanayoweza kupunguzwa makali.

Maradhi haya ya kutetemeka hukadiriwa kumpata takriban mtu 1 kati ya 100 duniani, na huongezeka kadiri umri unavyosonga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro nchini Tanzania, ulionyesha kuwa yapo pia katika vijiji vya Afrika Mashariki. Mara nyingi huonekana katika ukoo mmoja, ndiposa baadhi ya familia hudhani wamerogwa.

Tofauti na Parkinson

Wengi huogopa kuwa ni ugonjwa wa Parkinson. Kwa kawaida, mgonjwa wa Parkinson hutetemeka zaidi mkono ukiwa umepumzika, na mwendo wake huwa mzito. Katika maradhi haya mkono hutulia ukipumzika, kisha hutetemeka unapotumika: kuandika, kula kwa kijiko, kumimina maji au kuingiza uzi kwenye sindano.

Zipo sababu nyingine ambazo mhudumu wa afya huchunguza kwanza. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi huleta mtetemeko. Vivyo hivyo baadhi ya dawa, zikiwemo salbutamol ya pumu na valproate ya kifafa. Hata hivyo, mgonjwa asiache dawa hizo bila ushauri wa daktari. Kahawa na chai kali pia zaweza kuzidisha hali.

Pombe inaweza kutuliza mikono kwa saa chache, lakini inapoisha mwilini mtetemeko hurudi kwa nguvu zaidi. Anayejitibu kwa busaa anajitafutia tatizo la pili.

Tiba zilizopo

Dawa zinazotumika kwanza ni propranolol na primidone. Propranolol ni dawa ya muda mrefu inayotumika pia kwa shinikizo la damu, lakini haifai kwa mwenye pumu. Dawa hizi hupunguza mtetemeko kwa wagonjwa wengi, ingawa haziuondoi kabisa, na wengine huzishindwa kwa sababu ya uchovu au kizunguzungu.

Njia mpya ni kusisimua neva kwa umeme mdogo bila upasuaji. Mwaka 2018, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha kifaa kinachovaliwa kifundoni mwa mkono kama saa. Kifaa hupima kasi ya mtetemeko wa mgonjwa mwenyewe, kisha hutuma umeme mdogo kwa zamu kwenye neva mbili za kifundo. Ujumbe huo hupanda hadi ubongoni, na wataalamu wanaamini kuwa huvuruga mdundo unaofanya mkono utetemeke. Kipindi kimoja huchukua dakika 40, na nafuu yake ni ya muda.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwafuatilia wagonjwa 263 waliotumia kifaa hicho nyumbani kwa miezi mitatu. Wengi walipata nafuu, wengine walipata muwasho wa ngozi. Utafiti huo haukuwa na kundi la kulinganisha lililotumia kifaa bandia, kwa hivyo matokeo yake yasomwe kwa tahadhari. Kifaa hakifai kwa mwenye kifaa cha umeme kifuani cha kuongoza mapigo ya moyo, mwenye kifafa, wala mama mjamzito.

Mashine za umeme za kutuliza maumivu ya mgongo zinazouzwa mitandaoni si kifaa hiki. Hazikutengenezwa kufuata mtetemeko wa mgonjwa. Mkazi asiuze ng'ombe kununua kitu ambacho daktari hajakikagua.

Hatua ya kuchukua

Wakazi wa Trans Nzoia na Bungoma wanaotetemeka mikono wanahimizwa kuanzia kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, wakiwa na dawa zote wanazotumia. Wakihitaji uchunguzi zaidi, watapewa rufaa hadi hospitali ya kaunti, na ikibidi Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret.

Mtetemeko ulioanza ghafla, hasa upande mmoja, ukiandamana na udhaifu wa mkono au kushindwa kuzungumza, ni dharura. Mgonjwa apelekwe hospitalini mara moja.

Wakati huohuo, kikombe kizito kisichojazwa hadi ukingoni na kalamu nene husaidia. Na aliye nyuma kwenye foleni ampe mzee nafasi ya kutia sahihi bila haraka, kwani mtetemeko huzidi anapotazamwa na kuharakishwa.