Mtoto Anayeshindwa Kusoma

Wazazi, labda mtoto wenu ana akili katika kazi na michezo, lakini mbele ya kitabu anashindwa. Msimpige. Msimwite mjinga wala mchawi; sheria ya Kongo ya mwaka 2009 inakataza kumsingizia mtoto uchawi.

Mtoto hujifunza kusema kwa kusikia watu tu, lakini kusoma lazima afundishwe. Ubongo wake huunganisha herufi na sauti yake, kisha neno na maana yake. Kwa watoto wengine kuunganisha huku ni kazi ngumu. Huchanganya b na d, huruka herufi, husoma polepole sana. Shida hii huitwa disleksia, na mara nyingi huonekana kwa watu wa jamaa moja. Mwaka 1896 Pringle Morgan, daktari wa Uingereza, aliandika habari za kijana wa miaka 14, mwenye akili nzuri, aliyeshindwa kusoma.

Hapa Kisangani mtoto husema Kiswahili au Lingala nyumbani, na shuleni hukuta Kifaransa. Kama anasoma vizuri lugha ya nyumbani, huenda shida yake ni ugeni wa Kifaransa tu. Kama anashindwa katika zote mbili, fanyeni hivi:

1. Apimwe macho na masikio.
2. Mwambieni mwalimu wake.
3. Kila siku, kwa muda mfupi, afundishwe herufi moja na sauti yake.
4. Akipata, msifuni.

Atasoma, ila kwa muda mrefu zaidi.