Mkamba Kwenye Runinga: Lafudhi Tumeisikia, Mtu Yuko Wapi?

Septemba 2018, jijini Lagos, Mkenya Nyce Wanjeri alitangazwa mwigizaji bora wa kike wa vichekesho katika tuzo za Africa Magic Viewers' Choice, zinazojulikana zaidi kama AMVCA. Alishinda kwa kumwigiza Shiro, mfanyakazi wa nyumbani katika Auntie Boss, kipindi kilichorushwa na NTV. Shiro alikisema Kiswahili kwa lafudhi nzito ya Kikikuyu, ile ambayo "r" na "l" hupokezana nafasi bila taarifa. Mtazamaji wa Ibadan au Kumasi hakuwa na njia ya kujua lafudhi hiyo ni ya wapi. Alichokiona ni mwanamke mwenye njama, wivu, uvivu wa kuchagua na hamu kubwa ya maisha ya mwajiri wake.

Kwa mtazamaji wa Kitui na Makueni, ushindi ule unaibua swali ambalo vichekesho vya Kenya havijalijibu. Lafudhi ya Kikamba imesikika kwenye runinga ya taifa kwa miongo kadhaa. Imepewa bawabu wa getini, kijana wa shamba, mganga mwenye kibuyu, msichana wa kazi aliyeshuka basi la Mwingi asubuhi hiyo. Ukimtazama mhusika wa aina hii kwa jicho la mwandishi wa miswada, jambo la kwanza la kuuliza ni anataka nini. Mara nyingi hataki chochote. Anaingia, anatamka neno moja kwa namna yake, kicheko kinapigwa, anatoka. Hana mama, hana deni, hana mpango wa kesho.

Hiyo ndiyo tofauti kati yake na Shiro. Lafudhi ya Shiro ilikaa juu ya mtu. Ukiiondoa, mtu anabaki na vituko vyake vinaendelea kuchekesha. Bawabu wetu ukimwondolea lafudhi, hakuna kinachobaki isipokuwa rungu na koti kubwa.

Inafaa kueleza lafudhi yenyewe ni nini, maana wengi huidhani ni ulimi mzito. Kikamba hakina sauti b, d na g zinazosimama peke yake. Hutanguliwa na king'ong'o, zikawa mb, nd na ng. Hakina r pia. Mtu aliyekua na mfumo huo akikutana na "gari" la Kiswahili hulipitisha kwenye sauti alizonazo, likatoka "ngali". Ni kanuni inayofanya kazi kwa utaratibu ule ule kila mara, kama ilivyo kwa Mjaluo anapoikuta "sh" au Mwingereza anapoikuta "ng'" mwanzoni mwa neno. Isitoshe, Kikamba cha Kitui si sawa na kile cha upande wa Machakos na Makueni. Mzee wa Zombe na mama wa Mbooni hutambuana baada ya sentensi mbili. Runinga haijawahi kuwatofautisha. Ina Kikamba kimoja tu, cha kubuni, kisichozungumzwa na yeyote kuanzia Kyuso hadi Mtito Andei.

Haitakuwa haki kusahau aliyeigeuza lafudhi hiyo kuwa kazi ya ustadi. Daniel Ndambuki, ambaye kama Mwalimu King'ang'i alitawala redio ya asubuhi kwenye Classic 105 pamoja na Maina Kageni, alimjenga mwalimu huyo kama mtu kamili: mjuaji, mwoga wa mkewe, mwenye majibu ya haraka kwa kila jambo asilolijua. Kama Churchill, alifungua jukwaa la Churchill Show ambalo wachekeshaji wengi wa kizazi kizima walipitia. King'ang'i anachekesha kwa sababu anafikiri, na anafikiri kwa haraka kuliko wenzake. Lakini walioiga baada yake waliichukua sauti wakaacha akili. Wachekeshaji wachanga huambiwa kwamba kabila ndilo tiketi ya dakika zao tano jukwaani, nao huanza na "sisi Wakamba" kabla hata hawajasalimu.

Upande wa tamthilia nzito, hatua kubwa ilikuja tarehe 15 Julai 2022, Netflix ilipotoa Country Queen, tamthilia ya kwanza ya Kenya kubeba chapa ya jukwaa hilo. Ina sehemu sita. Shujaa wake ni Akisa Musyoka, aliyeigizwa na Melissa Kiplagat, mwandalizi wa sherehe jijini Nairobi anayelazimika kurudi kijijini Tsilanga baada ya miaka kumi. Anakuta kampuni ya madini, EcoRock, inaimeza ardhi ya watu wake. Mmiliki wa kampuni ni Vivienne Tsibala, aliyeigizwa na Nini Wacera, na mume wa Vivienne, Max, ana uhusiano wa siri na Akisa huyo huyo.

Tsilanga ni kijiji cha kubuni. Lakini mtu wa Kitui Mashariki au Mwingi hakuhitaji ramani. Kwao Kitui, Bonde la Mui limegawanywa vitalu vinne vya makaa ya mawe, na vitalu C na D vilipewa kampuni ya Fenxi kutoka China. Mkataba wa mgawanyo wa faida ulitiwa saini mwaka 2013. Kwa zaidi ya miaka kumi familia zimeishi bila kujua kama zitahamishwa au la: mtu ajenge nyumba ya matofali au asijenge, apande miembe inayochukua miaka kuzaa au abaki na mbaazi. Makaa bado yako ardhini. Country Queen ilimfikia mtazamaji huyu kama habari anayoijua, ikiwa na sura za watu badala ya takwimu za wizara.

Je, ilikuwa tamthilia nzuri? Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Nini Wacera alimpa Vivienne ubaridi wa mtu ambaye hajawahi kuambiwa hapana, na vijiji havikupigwa picha kama mahali pa kuonewa huruma. Udhaifu wake ni kwamba sehemu sita zilitwishwa mzigo wa sehemu kumi na mbili: ndoa ya matajiri, siri ya ujana, mgodi, mapenzi ya zamani ya Akisa, polisi, ofisi za Nairobi. Kila uzi ukaguswa, chache zikafumwa. Mgodi, ambao ndio moyo wa hadithi, unasubiri zamu yake nyuma ya vitanda vya watu wa mjini. Na ingawa majina ni ya Ukambani, mazungumzo kwa sehemu kubwa ni Kiswahili na Kiingereza. Hata hivyo hatua ilipigwa: mwanamke mwenye jina la Musyoka alibeba tamthilia mabegani, na hakuna aliyemcheka kwa anavyotamka.

Sasa tuzo zinaingiaje hapa? Kalasha, tuzo kuu za filamu na runinga nchini, zimeandaliwa na Tume ya Filamu ya Kenya tangu 2009. Mtayarishaji ndiye anayewasilisha kazi yake. Jopo la majaji huitazama na umma nao hupiga kura. Utaratibu huo unaonekana wazi kwa wote, lakini una milango miwili ambayo kazi ya Ukambani hukwama. Wa kwanza ni uwasilishaji: kikundi kinachorekodi vichekesho vya Kikamba mjini Wote au Mwingi na kuvipandisha YouTube hakina mtu wa kujaza fomu, kuhifadhi nakala safi wala kufuata tarehe. Wa pili ni kura. Kwa sensa ya 2019 Kitui ilikuwa na watu 1,136,187 na Makueni 987,653. Ni wengi, ila wametawanyika. Kitui peke yake ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000. Mkazi wa Ikutha asiye na intaneti ya kutosha hakuiona Country Queen, sasa ataipigia kura vipi?

Tuzo za Lagos nazo zilikuwa na mpaka wake. Kwa miaka mingi AMVCA ilikuwa na vitengo vya kazi za lugha za Kiafrika, yaani Kihausa, Kiigbo, Kiyoruba na Kiswahili. Kwa Afrika Mashariki nzima, Kiswahili ndicho kilichowakilisha kila lugha nyingine. Tamthilia ya Kikamba, hata ikiwa bora kiasi gani, haikuwa na kiti.

Wakati huo huo dunia imebadilika. Mwaka 2022 Squid Game ya Korea Kusini ilitwaa Emmy sita. Mwaka 2024 Shōgun, ambayo mazungumzo yake mengi ni Kijapani, ilitwaa 18 ikiwemo ya tamthilia bora. Kwa vichekesho, mfano wenye manufaa zaidi kwa Ukambani ni Derry Girls ya Lisa McGee, iliyopata Emmy ya Kimataifa mwaka 2023. Wasichana wale wanazungumza kwa lafudhi ya mji wa Derry, Ireland Kaskazini, iliyo nzito kiasi kwamba Waingereza wenyewe waliwasha manukuu. Lakini hakuna mahali lafudhi inapokuwa ndiyo kichekesho. Kichekesho ni utundu wao, mitihani, mama wakali na askari barabarani.

Na ushahidi kwamba Ukambani unaweza kusimama hivyo upo. Kisilu Musya, mkulima wa Mutomo, alijirekodi yeye, mkewe na shamba lao kwa miaka kadhaa ya ukame na mafuriko. Kazi hiyo, iliyoongozwa na Julia Dahr wa Norway pamoja naye, ikawa Thank You for the Rain, ikaoneshwa kwa mara ya kwanza Copenhagen mwaka 2017. Ni filamu ya hali halisi, si tamthilia. Ila kila kitu ambacho bawabu wa vichekesho amenyimwa kimo: mtu anataka jambo, anazuiwa, anagombana nyumbani, anajaribu tena. Waandishi wa miswada wanaotafuta wahusika wa aina hiyo wangefaidika pia na Akamba Stories, mkusanyiko uliochapishwa 1966 na John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui.

Linalohitajika zaidi kwa sasa ni la kiufundi, nalo ni manukuu. Jaji asiyejua Kikamba hawezi kutuza asichokielewa, na kazi nyingi za Kikamba hutolewa bila manukuu au na tafsiri ya haraka iliyoua utani wote. Netflix huruhusu mistari miwili yenye herufi zisizozidi 42 kila mmoja kwa lugha kama Kiingereza, na maandishi hayakai kwenye skrini zaidi ya sekunde 7. Kwa tamthilia hilo linatosha. Kwa kichekesho, maandishi yakitokea mapema mtazamaji anasoma neno la kuchekesha kabla mwigizaji hajalitamka, na kicheko kinakufa. Mfasiri mzuri hukata sentensi katikati, akaliweka neno lile kwenye nukuu ya pili, likatokea pamoja na midomo ya mwigizaji. Kazi hiyo inahitaji mtu anayejua Kikamba cha Kitui na cha Makueni, anayejua Kiswahili, na anayeyatazama macho ya mwigizaji wakati anaandika. Watu wa aina hiyo wapo tele katika studio za redio za Kikamba kama Musyi FM, ambako kupima muda wa kicheko ni kazi ya kila siku. Tume ya Filamu ingeweza kuanza kwa kuwalipa wachache wao wayaandike manukuu ya kazi tano tu kabla ya Kalasha ijayo.