Soma Tairi Kama Unavyosoma Pakiti ya Mbegu: Kuchagua Tairi la Pikipiki ya Shamba

Leo sitaongelea mbolea wala kantangaze. Leo tuongelee pikipiki, tena si pikipiki nzima, tairi tu. Najua yupo atakayesema bwana shamba amekosa la kuandika. Subiri kwanza nikueleze kwa nini.

Stashahada yangu ni ya kilimo, si ya ufundi. Lakini huku Lushoto ninakofanyia kazi, pikipiki ndiyo jembe la pili. Mbegu inapanda mlima kwa pikipiki, dawa inapanda kwa pikipiki, na nyanya inashuka kwa pikipiki hadi soko la Lukozi inakosubiri lori la Dar es Salaam. Lami ipo ile ya kutoka Mombo kupitia Soni hadi Lushoto mjini, ila mashamba yetu hayapo pembeni ya lami. Yapo juu, kwenye udongo mwekundu ambao ukinyeshewa nusu saa tu unateleza kama sabuni.

Kosa lililonifanya niandike makala haya

Msimu mmoja wa masika kijana wa kikundi chetu cha nyanya alinifuata. Tairi lake la nyuma lilikuwa limeisha, limebaki kipara, na mavuno yalikuwa yanaanza. Akaniuliza, "Bwana shamba, niweke tairi gani?" Nikamjibu haraka haraka, bila kufikiri, "Weka pana, litabeba mzigo na halitateleza." Nikaona hiyo haitoshi. Nilikuwa nimebadilisha tairi la nyuma la pikipiki yangu, lile la zamani lilikuwa bado na kashata za kutosha, nikampa bure. Niliondoka pale nikijisikia mtu mwema kabisa.

Pikipiki yangu ni ile ndefu ya porini, nyuma inatumia tairi la 4.10-18. Yake ni ya kawaida, hizi za bodaboda, nyuma inatumia 3.00-18. Rimu zote mbili ni inchi 18, kwa hiyo liliingia. Fundi alisogeza gurudumu nyuma kidogo, akakata kipande cha kapu la cheni, akasema limekaa. Na kweli, bila mzigo lilizunguka vizuri.

Asubuhi ya soko akapakia matenga mawili. Mzigo ukakandamiza shokapu, tairi likapanda likaanza kusugua boliti ya madigadi kwa ndani. Yeye hakusikia, maana mvua ilikuwa inanyesha. Kwenye mteremko boliti ikachana tairi, tyubu ikapasuka, pikipiki ikalala. Alivunjika mtulinga. Nyanya za matenga mawili zilibaki barabarani, hiyo ni hasara ndogo. Hasara kubwa ni wiki zilizofuata: mtu aliyevunjika mtulinga habebi bomba la dawa, hafungi miti, havuni. Wanakikundi tulimsaidia kuvuna tulichoweza, lakini zaidi ya nusu ya shamba liliozea pale pale, na mkopo wa pembejeo ulibaki vile vile.

Nilikwenda kumwona nikamwambia ukweli, kwamba ule ushauri wangu haukuwa ushauri, ulikuwa maneno ya kijiweni. Mimi ambaye kila semina nahubiri "soma lebo kabla ya kununua", sikusoma namba mbili zilizoandikwa ubavuni mwa tairi. Tangu siku hiyo nikaamua kujifunza. Haya ndiyo niliyojifunza.

Namba za ubavuni maana yake nini

Tairi lina lebo yake kama pakiti ya mbegu, na haifutiki kirahisi. Zipo aina mbili za kuandika saizi.

Ya kwanza ni ya inchi. Mfano 3.00-18. Namba ya kwanza ni upana wa tairi, inchi 3, ambayo ni kama milimita 76. Namba ya mwisho ni rimu, inchi 18.

Ya pili ni ya milimita. Mfano 90/90-21. Hapa upana ni milimita 90, urefu wa ubavu ni asilimia 90 ya huo upana, yaani milimita 81, na rimu ni inchi 21.

Kwa hiyo ukienda dukani ukakosa namba uliyoizoea usikate tamaa. Tairi la mbele la 2.75 linakaribiana na 80/90. La nyuma la 3.00 linakaribiana na 90/90. Kinachotakiwa kufanana bila mjadala ni namba ya rimu. Tairi la 17 haliingii kwenye 18 hata fundi aapishwe.

Sasa rudi kwenye kosa langu. 4.10 ni milimita kama 104. Toa 76, unapata 28. Yaani nililipa lile gurudumu milimita 14 za ziada kila upande, upande mmoja kuna cheni, mwingine kuna chuma kinachoshika gurudumu. Na tairi likiongezeka upana, mara nyingi linaongezeka na urefu. Ndiyo maana liligusa madigadi mzigo ulipokaa.

Kubwa si lazima liwe na nguvu

Hapa ndipo vijana wengi tunadanganyana. Tunaona tairi pana tunadhani linabeba zaidi. Uwezo wa kubeba una namba yake peke yake. Baada ya saizi utaona kitu kama 47P au 52P. Ile herufi ni ya mwendo, P ni kilomita 150 kwa saa, na wewe mwenye matenga hutafika huko, uiache. Itazame namba. 47 maana yake tairi hilo linabeba hadi kilo 175. 52 ni kilo 200. 58 ni kilo 236. Hiyo ni pale tairi likiwa zima na lina upepo unaotakiwa.

Tupige hesabu pamoja. Tuseme pikipiki ina kilo 110, nusu na kidogo inakaa nyuma, weka 60. Dereva ana kilo 65, nyuma inabeba kama 45. Matenga mawili ya kilo 45 yote yapo nyuma, hiyo ni 90. Jumla 195. Tairi la 3.00-18 lenye 47 limeshazidiwa kilo 20. Tairi lile lile la 3.00-18, saizi ile ile, lakini lenye 52, linabeba na kubakiza kilo 5. Bado ni pembamba sana hiyo akiba, ukitupa kwenye shimo imeisha, lakini umeona tofauti ilipo.

Yule kijana hakuhitaji tairi pana. Alihitaji saizi yake mwenyewe, yenye namba kubwa ya mzigo. Kuna nyingine utaona zimeandikwa 4PR au 6PR. Hiyo inaonyesha uimara wa tabaka za ndani, na 6PR ni ngumu zaidi. Na kama hata 52 inazidiwa, jibu si tairi lingine. Jibu ni kubeba tenga moja na kurudi mara ya pili. Najua mafuta ni ghali. Mtulinga ni ghali zaidi.

Kuna na hasara nyingine ya kuzidisha saizi ambayo haivunji mfupa lakini inakula mfuko. Ukitoka 3.00-18 kwenda 3.50-18, kipenyo cha gurudumu kinaongezeka kama asilimia 4. Ni sawa na kupunguza karibu meno mawili kwenye sproketi ya nyuma yenye meno 43. Kwenye lami hutasikia kitu. Kwenye mlima na mzigo utaona pikipiki inaomba gia ya kwanza pale ilipokuwa inapanda na ya pili.

Kashata zifuate udongo wako

Ukishapata saizi na namba ya mzigo, ndipo uchague kashata, vile vinundu vya mpira vinavyong'ata ardhi. Hapa fikiri kama unavyochagua mbegu: hakuna mbegu bora ya nchi nzima, ipo inayofaa shamba lako.

Udongo wa mfinyanzi na matope: chagua kashata ndefu zilizoachana. Nafasi kati yake ndiyo inayosaidia tope lidondoke gurudumu linapozunguka. Zikibanana tope linajaa, na tairi jipya linakuwa kipara ndani ya mita hamsini.

Mawe, kokoto na ardhi ngumu: chagua kashata fupi zilizokaribiana. Ndefu zinayumba juu ya mawe na kukatika.

Mchanganyiko wa lami na vumbi: chagua zile za kati. Kashata ndefu kwenye lami zinaisha haraka, zinatetemesha mikono, na lami ikilowa breki inachelewa kushika. Kwa hiyo jiulize kwa ukweli, kwa wiki unatembea kilomita ngapi za lami na ngapi za vumbi? Wengi wetu tukihesabu vizuri tunakuta ni nusu kwa nusu.

Na usisahau la mbele. Watu wanabadilisha la nyuma kila mara kwa sababu ndilo linaloisha, la mbele wanaliacha mpaka linang'aa. La nyuma likiteleza mara nyingi unaweza kujiokoa. La mbele likiteleza umeshafika chini.

Tarehe, mshale na tyubu

Kabla hujalipa, kagua vitu vitatu zaidi.

Tarehe. Tafuta namba nne ndani ya kifremu kidogo ubavuni. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira unazeeka hata ukiwa dukani, na ukining'inizwa juani mbele ya duka unazeeka haraka. Likunje kidogo kwa mkono, ukiona nyufa ndogo ndogo kati ya kashata, liache hata kama bei ni ya kutupa.

Mshale. Matairi mengi yana mshale wa kuonyesha linazunguka kwenda wapi. Simama pale fundi akifunga, hakikisha umeelekea mbele.

Tyubu. Nunua tyubu ya saizi ya tairi lako, na jipya. Tyubu ndogo ikivutwa kujaza tairi kubwa inakuwa nyembamba, na kubwa ndani ya tairi dogo inajikunja na kukatika kwenye mkunjo. Rimu ya spoki inahitaji tyubu hata kama ubavuni pameandikwa kwamba tairi halihitaji, kwa sababu upepo utatokea kwenye matundu ya spoki. Pia mwambie fundi akague ule utepe wa mpira unaofunika vichwa vya spoki.

Upepo

Kipimo chako kipo kwenye kitabu cha pikipiki au kibandiko kwenye kapu la cheni, na mara nyingi wameandika viwili: ukiwa peke yako na ukiwa na mzigo. Fuata hicho. Nasikia vijana wanasema matope yakizidi punguza upepo. Ukiwa mtupu, kupunguza kidogo kunasaidia kweli. Ukiwa na matenga usifanye hivyo. Tairi likilegea, jiwe linaibana tyubu kwenye rimu na kuacha matundu mawili yaliyokaa sambamba kama umeumwa na nyoka. Tena tairi legevu linateleza juu ya rimu na kung'oa shingo ya valvu, na hiyo haizibiki kwa kiraka.

Tairi likishafungwa upya, pakia mzigo wako wa kawaida, kalisha mtu, kisha zungusha macho pande zote: cheni, madigadi, vyuma vya pembeni. Pawepo na nafasi ya kupitisha kidole kila mahali. Kilomita 100 za kwanza nenda taratibu, tairi jipya lina utelezi wake. Kipimo hiki cha kidole ni cha dakika mbili. Tungekifanya siku ile, nisingekuwa na makala ya kuandika.

Yule kijana alipona, ingawa bega linamsumbua kukiwa na baridi, na Lushoto baridi haituishii. Msimu uliofuata alilima eneo dogo, mkopo akaumaliza kwa shida. Siku moja akanikuta ofisini kwa mtendaji, akatoa mfukoni kikaratasi alichonakili ubavuni mwa tairi dukani: 3.00-18, 52P, 6PR, na tarehe. Akaniuliza kama anunue.

Nilimwambia twende wote tukalitazame.

Basi vijana, kabla masika haijaanza, inama leo kwenye pikipiki yako usome namba zake, uziandike pale unapoandika kumbukumbu za shamba. Kazi njema, na tukutane makala ijayo turudi kwenye nyanya.