Mofolojia na Utafutaji wa Faili: Mfano wa Data za Lugha za Mwambao wa Ziwa Victoria

Makala haya yanaeleza namna ya kutafuta faili zilizo katika folda zilizopangwa tabaka kwa tabaka, kwa kutumia mstari wa amri wa kompyuta. Hoja inayotetewa ni kwamba, kwa mtafiti wa lugha za Kibantu, ugumu wa kazi hii hauko katika kompyuta bali katika mofolojia.

Ichukuliwe kuwa mtafiti aliyeko Mwanza amekusanya masimulizi ya Kikerewe, Kikara, Kijita na Kisukuma. Kila safari ya kuvuka kwenda Nansio imezaa folda yake, na ndani yake zimo nyingine za vijiji, za wasimulizi na za tarehe. Baada ya miaka michache, kufungua folda mojamoja huwa kazi isiyokwisha. Na rekodi ya mzee aliyekwisha kufariki, isipoonekana, haina tofauti na ile ambayo haikufanywa kabisa.

Katika mifumo ya jamii ya Unix, iliyoanza mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani, na ambayo Linux ni mmojawapo, kazi hiyo hufanywa na programu iitwayo find:

find . -type f -iname "*kerewe*"

Nukta huiagiza programu ianzie katika folda aliyomo mtumiaji na kushuka hadi tabaka la mwisho. Sharti -type f hutaka faili tu, si folda. Sharti -iname hulinganisha jina bila kujali herufi kubwa au ndogo. Kinyota husimama badala ya herufi zozote. Alama za mtajo si pambo: zisipowekwa, mfumo huweza kukifasiri kinyota kwa majina ya folda ya mwanzo kabla find haijakipokea.

Kinyota cha mwanzo ndicho chenye uzito kwa Mbantu. Kikerewe, Ukerewe, Mkerewe na Wakerewe hutofautiana kwa kiambishi awali, ilhali mzizi haubadiliki. Atafutaye "kikerewe*" atapoteza zote zilizoitwa kwa jina la kisiwa au la watu. Aidha, baadhi ya maandishi hutumia Bukerebe na Kikerebe. Mabano ya mraba huruhusu herufi moja kati ya kadhaa, hivyo "*kere[bw]e*" hunasa tahajia zote mbili.

Mzizi mfupi huleta tatizo la kinyume. "*kara*" italeta Kikara na Ukara, lakini pia karanga na karatasi. Kuandika "*[aimu]kara*", yaani kuutanguliza mzizi kwa herufi ya mwisho ya kiambishi, hupunguza takataka hizo, ingawa makaratasi bado yatapenya. Kwa "*sukuma*" hakuna dawa ya namna hiyo: faili ya kusukuma mtumbwi itakuja pamoja na ya Wasukuma, na jicho la mtafiti ndilo litakaloamua.

Yote haya yahusu jina la faili. Aniceti Kitereza alikamilisha riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, na toleo la Kiswahili likachapishwa Dar es Salaam mwaka 1980; maelezo juu yake huenda yamehifadhiwa katika faili iitwayo "sura3.txt" tu. Hapo hutumika programu nyingine, isomayo yaliyomo:

grep -ril "myombekere" .

Hii hufaa kwa matini ya kawaida. Faili za sauti haziwezi kutafutwa hivyo, na kwa hizo jina ndilo kila kitu.

Lipo sharti moja la hatari, -delete, lifutalo kila kilichopatikana. Programu ya find husoma masharti kuanzia kushoto. Kama ilivyo kwa viambishi vya kitenzi, mpangilio si jambo la hiari. Likitangulia mbele ya -iname, litafuta folda nzima na matabaka yake kabla jina halijapimwa. Amri iendeshwe kwanza bila sharti hilo, orodha isomwe yote, ndipo -delete iongezwe mwishoni. Faili zifutwazo kwa njia hii hazipitii katika pipa la taka.