Pima sebule yako kabla ya kununua lenzi

Kamera ya zamani ya filamu, ile ambayo baba aliifungia kabatini simu za kupiga picha zilipoingia, imeanza kupendwa tena na vijana. Haina betri ya kuchaji kila jioni. Unalenga mwenyewe kwa mkono, unapima mwanga mwenyewe, na ukikosea umejikosea.

Mara nyingi kamera hiyo huwa na lenzi moja tu, ya milimita 50. Ni lenzi nzuri kwa harusi, barabara na mandhari. Lakini itumie siku moja kumpiga nyanya picha ya uso, ukiwa umemsogelea sawasawa. Pua itatokea kubwa kuliko ilivyo, masikio yatajificha, na nyanya mwenyewe ataitazama picha hiyo aulize, "Huyu ni nani?"

Je, msomaji, kosa ni la lenzi? Hasha! Kosa ni la umbali. Ili kichwa na mabega vijaze picha kwa lenzi ya milimita 50, inakubidi usimame chini ya mita moja kutoka kwa mtu. Hapo pua yake iko karibu nawe zaidi kuliko masikio, na kilicho karibu huonekana kikubwa. Ukirudi nyuma hadi mita moja na nusu au mbili, uso hurudia umbo lake, ila sasa umekuwa mdogo katikati ya picha.

Hapo ndipo inapohitajika lenzi ya kuvuta iliyo fupi. Zinazojulikana zaidi ni za milimita 85, 100, 105 na 135. Hukuwezesha kusimama mbali kidogo na bado ukaijaza picha kwa uso.

Wengi wakifika hapa hukimbilia nambari kubwa, wakidhani lenzi ikivuta sana ndiyo bora. Isitoshe, ya milimita 135 aghalabu ndiyo ya bei nafuu kwa wauzaji wa mitumba, kwa sababu zilitengenezwa kwa wingi mno. Lakini Waswahili walisema rahisi ni ghali.

Hebu tupige hesabu. Kwa picha ya kichwa na mabega, lenzi ya milimita 85 inataka umbali wa kama mita 1.5. Ya 105 inataka karibu mita 1.9, na ya 135 inataka mita 2.4. Ukitaka mtu mzima kutoka utosini hadi viatuni, ya 85 itakudai zaidi ya mita 4, na ya 135 karibu mita 7!

Sasa itazame sebule yako. Kama ina upana wa mita tatu, toa nusu mita ya kumtenga nyanya na ukuta ili kivuli chake kisimwangukie mgongoni. Toa nusu nyingine ya mwili wako na kamera. Umebakiwa na mita mbili. Lenzi ya 135 itakulazimisha kupiga picha ukiwa mlangoni.

Kwa hivyo, anayepiga picha za jamaa nyumbani au bwenini atafaidika zaidi na ya 85. Anayepiga uwanjani, kanisani au kwenye jukwaa la tamasha la shule, ya 135 itamfaa. Aliye na pesa za lenzi moja tu, naye hupiga ndani na nje, asiidharau ya 100 au 105.

Mfano maarufu upo. Mnamo Desemba 1984, Mmarekani Steve McCurry alimpiga picha msichana mkimbizi kutoka Afghanistan katika kambi moja karibu na Peshawar, Pakistan. Picha hiyo ilitokea kwenye jalada la jarida la National Geographic la Juni 1985, na macho yale ya kijani yakajulikana ulimwengu mzima. Kamera ilikuwa Nikon FM2 ya kulenga kwa mkono, na lenzi ya milimita 105 yenye tundu la 2.5.

Nambari hiyo ya tundu nayo ina maana. Ikiwa ndogo, mwanga mwingi huingia. Tundu la 2 hupitisha mwanga maradufu ya tundu la 2.8. Hata hivyo, usilipe pesa nyingi kwa ajili ya nambari ndogo kama utapiga picha mchana karibu na dirisha. Aidha, ukifungua tundu la 2.5 kwa lenzi ya 105 ukiwa mita mbili kutoka kwa mtu, sehemu itakayotoka wazi ina kina cha sentimita tano hivi. Lenga jicho, wala si pua. Na kwa kuwa lenzi ndefu hukuza hata mtetemeko wa mkono, kasi isipungue 1/125, au 1/250 kwa ile ya 135.

Ukishajua unachotaka, usitoe pesa kabla ya kuikagua. Kwanza, lazima ishikane na kamera yako. Lenzi ya Canon haiingii kwenye Pentax, na ya kufungwa kwa skrubu haiingii kwenye kamera ya kuzungusha na kubana. Hata jina likiwa moja, tahadhari: lenzi za Nikon za kabla ya 1977 ambazo hazijarekebishwa hazifai kwenye FM2, kwani zinaweza kuiharibu.

Pili, mulika tochi kutoka nyuma na uchungulie mbele. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, nayo hupenda lenzi zilizofungiwa mahali penye unyevu. Vyote ving'aavyo si dhahabu.

Tatu, zungusha pete ya tundu uone vile vibati vyembamba vinavyofunguka na kujifunga. Vikiwa na mafuta hukawia kufunga, na picha zako zitatoka nyeupe kupita kiasi. Nne, pete ya kulenga izunguke kwa ulaini bila kukwama.

Mwisho, kabla hata ya kuuliza bei, azima utepe wa fundi cherehani. Urefu wake kwa kawaida ni sentimita 150. Keti nyanya anapopenda kuketi, mwambie ndugu yako akae mahali utakaposimama na kamera, kisha pimeni kutoka usoni hadi usoni. Utepe ukifika mara moja tu, tafuta ya 85. Ukifika mara moja na robo, ya 100 au 105 itaingia. Ukizidi mara moja na nusu, hiyo ya 135 ya bei nafuu ni halali yako.

Filamu ina picha 36 tu, na nyanya hatakaa kitini siku nzima.